Wafalme Watatu na Usingizi wa Baba

Naanza na ungamo. Miaka mitatu iliyopita mhariri wangu alinipigia simu saa tisa alasiri akitaka maneno mia sita ya ukurasa wa afya, na ilipofika saa kumi na moja nilikuwa nimeshamtumia "Tabia kumi za kukupatia usingizi mnono". Unazijua hizo tabia hata kama hukuisoma makala yenyewe. Zima simu saa moja kabla ya kulala. Chumba kiwe na giza, kiwe kimya, kiwe na ubaridi kidogo. Mchana ukishapita, kahawa basi. Ushughulishe mwili. Usiku kula chakula chepesi. Pombe punguza. Panda kitandani mapema. Sikumhoji daktari hata mmoja. Niliokota kutoka makala nyingine za aina hiyohiyo, ambazo waandishi wake nao waliokota kwingine, nikageuzageuza maneno, nikatuma, nikaenda kugombania daladala.

Makala ilisomwa kuliko chochote nilichoandika mwaka ule, pamoja na ile ya uchunguzi iliyonichukua miezi minne na ambayo leo sitaki hata kuitaja. Ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya koo na ya jumuiya ndogondogo mpaka ikafika Maguu, wilaya ya Mbinga, kwenye simu ya mdogo wangu, naye akamsomea baba.

Mwezi wa saba nilipokwenda nyumbani kusaidia kuchuma kahawa, baba aliniita uani jioni. Mimi nimepewa jina la mama yake, na ndivyo anavyoniita.

"Mama, nilisomewa ile habari yako ya usingizi. Umeandika vizuri. Giza tunalo. Ubaridi tunao. Simu ninayo hii ya tochi. Kahawa nalima, sinywi. Mwili tangu asubuhi uko shambani. Sasa mimi unaniambia nifanye nini?"

Aliyewahi kulala Maguu mwezi wa saba anajua kwamba mzee hakutia chumvi. Huku ni Umatengo wa milimani. Ukungu ukishateremka jioni, wa kukupigia kelele ni mbwa tu, na baridi inakufanya uone blanketi moja ni dharau. Watu wanashinda wanalima ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayopangwa kwenye mteremko kama macho ya nyavu ili mvua isikokote udongo, kazi ambayo mazoezi ya gym hayaifikii hata robo. Saa mbili usiku ugali umeshaliwa na watu wamelala. Kama tabia zangu kumi zingekuwa dawa, Maguu yote ingekuwa inakoroma. Kijiji kinazitimiza karibu zote bila kuzisoma, na nyingi kinazitimiza kwa sababu hakina uwezo wa kuzivunja.

Na baba yangu hajalala vizuri tangu mwaka 2001.

Hilo nalo nililijua jioni ile, nikiwa mtu mzima mwenye shahada. Miaka yote nilimsikia akifungua mlango usiku wa manane, nikadhani anakwenda kuangalia nguruwe pori kwenye mahindi. Tulimsifia watoto wote kwamba baba ni mlinzi, baba halali ovyo. Kumbe nguruwe walikuwa kisingizio. Mzee alikuwa anatoka nje kwa sababu kulala pale kitandani kulikuwa kunamtesa.

Ngoja niseme mwaka ule ulikuwaje, maana wengi wenu mlikuwa wadogo au mlikuwa mjini. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unagawa viwango vya kuuza kahawa ulivunjika, na tangu hapo bei ikawa inayumba kama mlevi. Kufikia 2001 na 2002 bei ya dunia ilikuwa imeanguka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka thelathini. Ushirika mkuu wa Mbinga, MBICU, ulikuwa umeshafilisika miaka ya 1990, kwa hiyo mkulima alikuwa peke yake na mizani ya mnunuzi. Kahawa ililetwa Umatengo miaka ya 1920, na kwa vizazi vitatu ndiyo iliyosomesha watu na kuezeka mabati. Ghafla gunia lile lile halikutosha hata ada ya muhula. Dada yangu alikuwa kidato cha pili. Mimi nilikuwa nakaribia kumaliza shule ya msingi.

Basi baba akaingia magoma. Kwa wasiojua, magoma ni hivi: miezi ya njaa, kahawa ikiwa bado mbichi mtini, mtu mwenye fedha anakupa pesa mkononi, na mavuno yakifika unamlipa kwa kahawa, kwa bei mliyopatana siku ile una shida. Bei ya siku ya shida unaijua. Serikali imekuwa ikiyapiga marufuku, nayo yanarudi kila msimu wa njaa kama mafua. Mwaka wa kwanza unamlipa zote, unabaki huna kitu, unakopa tena. Baba aliuza mavuno ya miaka mitatu kabla hayajaiva. Usiku alikuwa anapiga hesabu kwa vidole chini ya blanketi, mama asijue.

Mama alijua. Lakini hilo tutalifikia.

Swali lililonikera kurudi mjini halikuwa kwa nini baba hakulala. Hilo liko wazi. Lililonikera ni kwamba mimi, mwanawe, mwandishi wa habari, nisiyepitwa na kitu kwa maneno yangu mwenyewe, sikuwahi kuwaza kwamba mkulima anaweza kukosa usingizi. Nilikuwa naamini kabisa kwamba jembe linalaza. Nani alinifundisha hivyo? Nimefuatilia, na wa kwanza kuwashtaki ni wafalme watatu.

Wa kwanza yuko kwenye Biblia, sura ya tano ya Mhubiri. Anamsifia mtu wa kazi kwamba usiku hana taabu hata kama tumbo halikujaa, halafu anamwonea huruma tajiri ambaye wingi wa mali unamkesha. Mhubiri mwenyewe anajitambulisha kuwa mfalme wa Yerusalemu. Wa pili ni Henry wa Nne wa Shakespeare, katika sehemu ya pili ya tamthilia yake. Yuko ikulu usiku na nguo za kulalia, anahesabu maelfu ya raia wake fukara waliolala, anamwonea wivu hata mtoto wa melini anayesinzia juu ya mlingoti katikati ya dhoruba. Wa tatu ni mwanawe, Henry wa Tano, usiku wa kuamkia vita vya Agincourt, na huyu ndiye aliyeniudhi kuliko wote. Anasema mtumwa hulala fofofo kwa sababu tumbo limejaa na akili ni tupu.

Akili ni tupu! Na hebu angalia alikotoka. Dakika chache kabla, kwenye onyesho lilelile, amejificha ndani ya joho la kuazima akapita kambini, akawakuta askari wa kawaida watatu wako macho. Hawajalala. Wanaogopa kufa, wanajadili nani atabeba dhambi ya vita ambayo hawakuianzisha, na mmoja anambana kwa hoja mpaka wanapeana miadi ya kupigana. Wanaondoka, mfalme anabaki peke yake, na jambo analolisema ni kwamba wanyonge wanalala vizuri. Amewaona kwa macho yake wakiwa macho. Haikumsaidia. Kama Shakespeare alikusudia tucheke hapo, miaka mia nne karibu hakuna aliyecheka, na maneno yale yanasomwa kama huzuni ya ukuu.

Sisi nasi tulichukua urithi huo bila kuukagua. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na aliyeisoma shuleni anamkumbuka Bruto anayekesha na Lukio, kijana wake wa kazi, anayesinzia. Bruto anawaza jamhuri. Lukio anaamshwa usiku kuwasha taa, anaagizwa huku na kule, na kule kambini mwishoni anaambiwa apige ala ya muziki na usingizi unamchukua akiwa nayo mkononi. Mwalimu wetu wa fasihi alitufundisha kwamba hiyo inaonyesha utulivu wa dhamiri ya mtoto. Jamani, mtoto alikuwa amechoka! Amenyimwa usiku mzima. Kuchoka kwake kumesomwa kama amani.

Ukija kwenye riwaya zetu, mzigo wa mawazo tumempa msomi. Kazimoto wa Kichwamaji, ile ya Kezilahabi ya 1974, ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na dunia nzima inapita kichwani mwake hadi inamuua. Sina ugomvi na Kezilahabi, ni mkubwa kuliko wote niliowasoma. Ugomvi wangu ni na sisi tuliokuja nyuma tukafanya kukesha kuwa cheo. Pitia mitandao ya waandishi wetu saa nane usiku. Picha ya kikombe, daftari, taa ya njano, na maneno ya kujisikitikia kwamba usingizi umenikimbia, wahusika wangu hawanipi nafasi. Mimi mwenyewe nimewahi kuiweka picha hiyo, na kikombe kilikuwa kitupu. Kukosa usingizi kwa msomi ni dalili ya kina. Kwa mkulima hakuna jina. Pale kijijini wataita mawazo, au uzee, au wataanza kuuliza amemkosea nani.

Toleo la kisasa la wafalme hao limevaa koti la maabara, japo si kosa la wenye maabara. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya usingizi vya watu 94 kutoka jamii tatu zinazoishi bila umeme, wakiwemo Wahadza wetu wa karibu na Ziwa Eyasi. Magazeti ya dunia yakaandika kwamba hao ndio wanaolala jinsi binadamu alivyokusudiwa kulala. Ukisoma utafiti wenyewe unakuta walikuwa wanalala wastani wa saa kama sita na kitu, chini ya zile saa nane ambazo mimi na wenzangu tunawaamrisha watu. Miaka miwili baadaye utafiti mwingine ukawapima Wahadza 33 kwa siku 20, na katika muda wote huo dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Kumi na nane. Kila wakati kulikuwa na mtu yuko macho, mzee au mgonjwa au mama mwenye mtoto. Na hawakulalamika. Kuamka usiku kwao ni sehemu ya usiku.

Hapo kuna jambo zito kuliko tabia zangu kumi, nami ilibidi nirudi kulisoma nikiwa na aibu. Kuwa macho saa nane usiku peke yake si ugonjwa. Madaktari wanapotaja ugonjwa wa kukosa usingizi wanataka vitu kadhaa vikutane: unashindwa kulala au kurudi kulala angalau usiku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, mchana unaumia kwa sababu hiyo, na, sikiliza hapa, unashindwa ingawa nafasi ya kulala unayo. Kiswahili chetu kinasema "kukosa usingizi" kwa vyote, ndiyo maana tunachanganya. Mvuvi wa dagaa kule Mbamba Bay usiku wa giza yuko ziwani na taa yake, halali mpaka kukuche, lakini ukimwacha mchana anapiga usingizi wa kufa mtu. Huyo kanyimwa usiku, hakukosa usingizi. Mama mwenye kichanga, mlinzi wa getini, binti wa kazi anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza, hao ukiwapa orodha ya tabia ni matusi. Wape saa za kulala. Baba yangu ni kesi nyingine. Kitanda anacho, giza analo, saa kumi nzima anazo. Analala nazo macho.

Sasa wale wa upande wangu, watu wa haki na uchumi, ambao mpaka hapa mnatikisa vichwa kwa furaha, nanyi mnisikilize. Nilirudi Mbinga mara ya pili na maelezo yangu tayari: baba, tatizo si wewe, tatizo ni bei. Alinitazama kwa upole sana.

"Deni nilimaliza mwaka 2008, mama."

Deni lilikwisha. Dada aliolewa, mimi nikahitimu, mabati yakabadilishwa. Usingizi haukurudi. Na mimi sikuwa na nadharia ya hilo.

Aliyekuwa nayo ni Mmarekani mmoja, Arthur Spielman, aliyeandika mwaka 1987 kwamba kilichokuletea shida ya usingizi na kinachoiendeleza si lazima kiwe kitu kimoja. Msiba, deni, ugonjwa vinaianzisha. Halafu mtu anaanza kujitibu: analala mapema ili afidie, anabaki kitandani akisubiri, anasinzia mchana, anaangalia saa. Anachokifanya ili alale ndicho kinachomnyima usingizi. Kitanda chenyewe kinageuka mahali pa kuhangaikia, mwili unazoea hivyo, na deni likishalipwa mazoea yanabaki. Mwenzake, Richard Bootzin, alishatoa njia mwaka 1972, nayo ni rahisi mpaka inachekesha: kitanda kiwe cha kulala tu, nenda pale usingizi umekushika kweli, ukiona hauji ondoka kitandani ukakae kwingine, rudi ukisinzia, na asubuhi amka saa ileile hata kama umelala saa mbili. Spielman akaongeza la kupunguza saa za kitandani: kama mtu analala saa sita kati ya kumi anazojinyoosha, apewe sita tu kwanza, usingizi ukishikana ndipo aongezewe kidogokidogo.

Ukiunganisha hayo na mazungumzo ya kumtoa mtu hofu, unapata tiba ambayo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa Marekani mwaka 2016 kilisema itangulie kabla ya vidonge. Na zile tabia zangu za giza na ubaridi? Wataalamu wa usingizi wa hukohuko Marekani walitoa mwongozo mwaka 2021 wakashauri orodha hiyo isitolewe peke yake kama tiba. Peke yake haitoshi. Miaka yote magazeti yetu yanauza maganda, nikiwemo mimi muuzaji hodari.

Tena tabia moja kati ya zangu ilikuwa sumu kabisa kwa baba: panda kitandani mapema. Saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi! Hakuna mzee wa miaka sitini na nane anayelala saa kumi. Nilikuwa namwambia mtu anayezama aongeze maji.

Kahawa nayo, kwa kuwa ndiyo inayotulisha, niseme. Mwaka 1819 mshairi Goethe alimpa kijana mwanakemia, Ferdinand Runge, punje za kahawa akamtaka azichunguze, na Runge akaitoa ile kafeini. Inakwenda kwenye ubongo inakaa mahali pa adenosini, kile kitu kinachojikusanya mchana kutwa na kukuambia umechoka, na nusu yake bado iko mwilini saa tano hivi baadaye. Kwa hiyo dunia nzima inakesha kwa jasho la Maguu, wenyewe tunakunywa mchaichai, na tunakesha palepale. Ulanzi na komoni ni hadithi nyingine. Vinalaza upesi kweli, halafu saa nane vinakuamsha na kiu na moyo unaodunda. Kuhusu Valium za kununua duka la dawa bila cheti, na Piriton wanazopewa hata watoto ili wazazi wapumzike, hapana. Hizo za kwanza zinakufanya mtumwa wake, na kuziacha ghafla baada ya muda mrefu ni hatari.

Nilimweleza baba njia ya Bootzin tumekaa uani. Alisikiliza yote. Kisha akasema jambo ambalo hakuna Mmarekani aliyeliandika.

"Ukitoka kitandani saa nane usiku uende wapi? Huku mzee anayeonekana nje usiku wa manane ana jina lake."

Alikuwa hatanii. Mzee mwenye macho mekundu kwa kukesha, anayeonekana anazunguka nyumba gizani, siku mtoto wa jirani akiugua ataulizwa. Nchi hii imewaua vikongwe kwa macho mekundu tu. Miaka ishirini baba alikuwa anatoka na kurudi haraka, na ikibidi anapiga kelele za kufukuza nguruwe ambao hawapo, ili majirani wasikie sababu. Fikiria. Mtu anaigiza ulinzi ili aruhusiwe kuwa macho. Hospitali? Ukisema kichwa hakinilazi, utani wa kwanza ni Mirembe, na ukishataniwa Mirembe husemi tena.

Mama ndiye aliyefumbua fumbo. Alikuwa anapepeta maharage pembeni, tukadhani hasikii.

"Jikoni kuna moto," akasema. "Kwani mimi huwa nakaa wapi?"

Tukageuka wote wawili. Mama, akaeleza kana kwamba anazungumzia bei ya chumvi, amekuwa akiamka tangu mwaka ule wa magoma. Baba anapotoka kwenye nguruwe wake, yeye anakwenda jikoni, anachochea makaa, anakaa. Baba akirudi, anasubiri kidogo, naye anarudi. Miaka zaidi ya ishirini watu wawili wamekesha nyumba moja, kila mmoja akimwepusha mwenzake.

Zamani, baba anasema, kulikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mkubwa wao, wakasemezana ya mchana, nani kakorofishana na nani, mbegu ziko wapi, deni la fulani tutalifanyaje. Wataalamu leo wanashauri mtu aandike wasiwasi wake mapema jioni, na la kufanya kesho kando yake, ili asiende nao kitandani. Nilipomwambia hivyo alicheka, "Hiyo sengu ya mtu mmoja." Nilitaka kuandika hapa sentensi nzuri ya kuililia sengu, nikamkumbuka mama. Wanawake walikuwa wapi wakati wa kusemezana? Jikoni.

Basi tukapanga. Kitandani saa nne na nusu usiku, si kabla, hata kama kijiji chote kimelala. Kuamka saa kumi na moja alfajiri, kila siku, Jumapili pia. Mchana asijilaze. Usingizi ukikataa, jikoni, na mwanga wa makaa unatosha. Saa asiangalie. Nilimwonya pia kwamba wiki mbili za kwanza zitakuwa mbaya kuliko kawaida, na kwamba saa za kitandani zisishuke chini ya tano na nusu. Kama angekuwa na kifafa, au angekuwa dereva wa bodaboda kwenye milima ile, nisingethubutu kumwambia apunguze usingizi bila daktari, na wewe unayesoma usithubutu.

Halikuwa jambo la muujiza. Wiki ya pili alinipigia akiwa na hasira akasema nimemuua. Wiki ya tano akasema amelala mpaka jogoo amemshtua, akanisimulia kama mtu anayesimulia safari ya Dar. Kisha msimu wa njaa ukaja, mtu wa magoma akapita nyumba kwa nyumba na bahasha zake, na usiku tatu mfululizo baba hakulala, ingawa hakudaiwa chochote. Alipomwona tu. Hapo ndipo ninapogombana na wote wawili, mwandishi wa tabia kumi na mwanaharakati wa bei. Mmoja anamfanya baba kuwa mzembe wa usiku wake mwenyewe. Mwingine anataka aendelee kukesha mpaka soko la dunia litengemae. Mzee ana miaka sitini na nane. Anahitaji bei nzuri na anahitaji mtu wa kumwambia, kwa Kiswahili kisicho na mbwembwe, atoke kitandani.

Mhariri nilimwomba nafasi ya kuirekebisha makala ile. Alisema iache, bado inasomwa. Kwa hiyo narekebisha hapa, kwenu, watu wa vitabu, ambao najua saa hizi mnasoma kwenye simu kitandani.

Juzi baba alipiga simu asubuhi. Aliamka saa tisa, akasema, akamkuta mama ameshakaa kwenye kigoda chake jikoni, wakachambua maharage debe zima wakizungumza. Nikamwuliza walizungumza nini. Akasema ya shamba tu. Mama akaichukua simu kulalamika kwamba sasa kuni zinakwenda mara mbili, nimwambie baba yangu akakate. Aliporudishiwa simu akaniuliza kahawa imeuzwa bei gani kwenye mnada wa wiki hii. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akauliza ya mwaka jana siku kama hii ilikuwa ngapi.